Amua Umesimama Wapi, Ndipo Uweke Nukta: Hotuba kwa Wanaojifunza Kuchora

Ndugu walimu, wanafunzi wa uchoraji, na nyinyi wengine mliokuja kwa sababu tu mnapenda kushika penseli: ahsanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kanuni za mtazamo, yaani namna ya kuonyesha kina na umbali kwenye karatasi bapa, na ile nukta ya kutoweka, ambayo mistari sambamba inayokwenda mbali huelekea kwenye mchoro, na niliwaahidi waandaaji kwamba sitawachosha kwa hesabu. Hesabu zitakuwepo, lakini kidogo. Mtanivumilia.

Nianze na namna somo hili linavyofundishwa mara nyingi. Mwanafunzi anaambiwa: chora mstari wa kulala katikati ya karatasi, weka nukta juu yake, kisha vuta mistari yote iende kwenye ile nukta. Anavuta. Inatokea reli, pembeni yanatokea majengo yanayopungua kimo kadiri yanavyokwenda mbali. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi, maana karatasi bapa imepata kina mbele ya macho yake. Siku ya pili anajaribu kuchora kiti kilichokaa upande upande chumbani, au barabara inayopanda mlima, na kila kitu kinamharibikia. Hapo anaambiwa: aa, kwa kiti hicho unahitaji nukta mbili. Akitaka kuchora ghorofa refu kutoka chini, anaambiwa ni nukta tatu. Mwisho wa muhula ana kanuni tatu kichwani ambazo hazijuani, na swali moja ambalo hakuna aliyemjibu: hizo nukta naziweka wapi, na kwa nini pale na si pengine?

Jibu langu ni hili, na mengine yote nitakayosema leo yanatokana nalo. Nukta ya kutoweka haiko kwenye barabara, haiko kwenye jengo, wala haiko huko mbali ambako reli zinaonekana kukutana. Reli hazikutani, zingekutana, treni ingeanguka. Nukta inazaliwa na jicho lako na mahali uliposimama. Ukisogea, nayo inasogea. Anayeiweka karatasini kabla hajaamua jicho liko wapi ameanza kazi kwa kuishia.

Tujaribu hapa hapa ukumbini. Tazameni pale ukuta wa pembeni unapokutana na dari. Fumbeni jicho moja. Sasa nyoosheni mkono mbele ya lile jicho lililo wazi, ukiuelekeza kule kule mstari ule unakoelekea. Usiuelekeze kwenye mstari wenyewe, la. Uende nao sambamba. Angalieni ncha ya kidole iko wapi. Mstari wa dari unaonekana kushuka kuelekea kwenye ncha ya kidole. Mstari wa sakafu na ukuta unapanda kuelekea hapo hapo. Kingo za safu za viti, kama zimepangwa sambamba na ukuta, nazo zinaelekea hapo. Sasa mwambie aliyekaa upande wa pili wa ukumbi afanye hivyo hivyo. Kidole chake kinaangukia sehemu nyingine kabisa ya ukuta wa mbele. Chumba ni kimoja, mistari ni ile ile, lakini nukta ni mbili kwa sababu macho ni mawili.

Kwa nini iwe hivyo? Fikirieni unautazama mstari mmoja wa reli. Unaanza karibu na miguu yako, kisha unapeleka jicho mbele, na mbele, na mbele zaidi. Mwanzoni unatazama chini, na jicho linaikata reli kwa pembe kubwa. Kadiri unavyotazama mbali, pembe inapungua, na mwelekeo wa jicho unazidi kufanana na mwelekeo wa reli yenyewe. Ukomo wake ni pale jicho linapotazama sambamba na reli. Zaidi ya hapo reli haiwezi kuonekana hata iwe ndefu kiasi gani. Na kwa kuwa reli ya pili ina mwelekeo ule ule, ukomo wake ni ule ule. Pale ambapo mtupo huo wa jicho unatoboa karatasi yako, hiyo ndiyo nukta ya kutoweka. Hakuna siri nyingine.

Mkishalipata hilo, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Kila mwelekeo unaokwenda mbali una nukta yake. Chumba chenye meza kumi zilizotupwa ovyo ovyo kina nukta ishirini na zaidi, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Yale tunayoita mtazamo wa nukta moja, mbili na tatu si aina tatu za uchoraji. Ni sanduku lile lile limegeuzwa. Likikutazama uso kwa uso, kingo za upana na za kimo ziko sambamba na karatasi, na mstari ulio sambamba na karatasi hauna nukta kabisa. Unabaki na kingo za kwenda mbele tu, nukta moja. Ligeuze pembeni, kingo za upana nazo zinaanza kwenda mbali, nukta ya pili inazaliwa. Inua uso ulitazame kwa juu, karatasi yako nayo imelala kidogo kufuata uso, kingo za kimo haziko sambamba nayo tena, ya tatu hiyo. Mimi ningependa hesabu hiyo ya moja, mbili, tatu iachwe hadi mwanafunzi ameelewa jambo lenyewe, lakini najua vitabu vya mazoezi vimeshachapwa.

Sasa mstari wa upeo. Kila mwelekeo uliolala sawa na ardhi tambarare, uwe wa kulia au wa kushoto, unamtaka mtazamaji atazame bila kuinua wala kuinamisha jicho. Kwa hiyo nukta zote za mielekeo hiyo zinajipanga kwenye mstari mmoja, na mstari huo uko kwenye usawa wa jicho lako. Ukichuchumaa, upeo unashuka nawe. Ukipanda ghorofani, unapanda nawe.

Barabara inayopanda mlima haijalala, na ndiyo maana nukta yake haiko kwenye upeo. Iko juu yake. Inayoteremka, nukta yake iko chini. Nimeona michoro mingi ya milima ambako mchoraji ameipeleka barabara kwenye mstari wa upeo kwa utiifu mkubwa, halafu anashangaa mbona mlima wake umelala. Kama nyumba zilizo kando zinafuata mwelekeo ule ule wa barabara, kingo zao za kulala zinakwenda kwenye upeo, na nukta ya barabara inakaa wima juu ya nukta hiyo. Ngazi na mapaa nayo yanafuata utaratibu huo. Hata miali ya jua: iko sambamba, kwa hiyo ina nukta yake, na jua likiwa mbele yako nukta hiyo ni jua lenyewe. Vivuli vya nguzo kwenye ardhi tambarare vinaelekea pale kwenye upeo palipo chini ya jua moja kwa moja.

Upeo una kazi nyingine ambayo wengi hawaitumii, nami naiona ni zawadi. Tuseme jicho lako liko mita 1.6 kutoka ardhini, na ardhi ni tambarare. Basi mstari wa upeo unakata kila kitu kilichosimama juu ya ardhi hiyo kwenye kimo cha mita 1.6, kiwe karibu au mbali. Mlango wa mita 2 unakatwa kwenye sehemu nne kwa tano za kimo chake. Mlango wa pili kama huo, mbali zaidi, umechorwa mdogo kama ukucha, nao unakatwa kwenye nne kwa tano. Watu ambao macho yao yako juu sawa na yako wote wana macho kwenye upeo, aliye hatua tatu na aliye hatua mia tatu. Kinachotofautiana ni miguu. Huhitaji kukisia kimo cha mtu wa mbali: chagua miguu yake ikanyage wapi, umbali kutoka hapo hadi upeo ni mita 1.6, mengine unayapima kwa huo.

Kuna kosa la kukisia ambalo linaonekana sana kwenye safu za nguzo. Mchoraji anachora nguzo ya kwanza sentimita 12, ya pili 10, ya tatu 8, ya nne 6, akipunguza kiasi kile kile kila mara. Jicho halifanyi kazi hivyo. Ukubwa unaoonekana unagawanywa kwa umbali. Kama nguzo ya kwanza iko mita 5 kutoka kwako na nyingine zinafuatana kila mita 5, ya pili iko mbali mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne. Ya kwanza ikiwa sentimita 12, ya pili ni 6, ya tatu 4, ya nne 3, ya tano 2.4, ya sita 2. Oneni anguko lilivyo kubwa mwanzoni na lilivyo dogo baadaye. Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili umepoteza nusu nzima. Kutoka ya tano hadi ya sita, milimita 4 tu. Anayekisia huogopa lile anguko la kwanza, na ndiyo maana safu yake inaonekana kama nguzo zenyewe zilikatwa fupi fupi.

Asiyependa kugawanya ana njia ya rula. Vuta mistari ya vichwa na ya miguu ya nguzo hadi kwenye nukta yao. Weka nguzo mbili za kwanza. Tafuta katikati ya nguzo ya pili. Kutoka kichwa cha nguzo ya kwanza vuta mstari upite kwenye hiyo katikati, uendelee hadi ukate mstari wa miguu. Hapo ndipo nguzo ya tatu inaposimama. Rudia kutoka ya pili. Mstari huo ni ulalo, yaani mstari wa kona hadi kona, wa mstatili mkubwa unaoundwa na nguzo ya kwanza na ya tatu, na ulalo hupita katikati ya mstatili hata ukiutazama kutoka pembeni.

Nimesema jicho, jicho, jicho. Aliyelionyesha jambo hili kwa vitendo ni msanifu majengo Filippo Brunelleschi wa Florence, Italia, mwanzoni mwa karne ya 15. Elimu ya namna mwanga unavyoingia jichoni ilikuwapo kabla yake. Mwanasayansi Ibn al-Haytham alikuwa ameshaandika huko Kairo katika karne ya 11 kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu kuja jichoni, na kazi yake ilitafsiriwa Kilatini. Brunelleschi akaifanya kuwa kitu cha kushikwa mkononi. Alisimama ndani kidogo ya mlango wa kati wa kanisa kuu la mji huo, akachora kwenye kibao kidogo jengo la ubatizo lililo mkabala, lile lenye pande nane. Kisha akatoboa kibao, tundu dogo kama punje ya dengu upande uliochorwa. Mtazamaji hakuruhusiwa kukitazama kibao kwa mbele. Alikishika kwa nyuma, akaweka jicho kwenye tundu, na kwa mkono wa pili akashika kioo mbele yake, akaiona picha ndani ya kioo. Sehemu ya anga Brunelleschi hakuipaka rangi. Aliweka fedha iliyosuguliwa ikang'aa, ili mawingu halisi yaonekane humo yakisukumwa na upepo. Haya tunayajua kutoka kwa Antonio Manetti, aliyeandika habari za maisha yake na aliyesema alikishika kibao hicho mwenyewe. Kibao chenyewe kimepotea.

Fikirieni lile tundu. Wengi wakisimulia habari hii husifu kioo na mawingu. Mimi naona tundu ndilo lenye elimu yote. Brunelleschi alijua kwamba picha yake ni sahihi kwa jicho lililoko mahali pamoja tu, basi akalifunga jicho la mtazamaji mahali hapo. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaandika kanuni zenyewe ili wachoraji wazifuate, akasema nukta ya kati isiwekwe juu kuliko kimo cha mtu aliyechorwa, ili anayetazama na waliomo pichani waonekane wanakanyaga ardhi moja. Angalieni tena: anaanza na aliyesimama.

Na hapa nafika kwenye kosa ambalo ningependa muondoke nalo mkiwa mmelielewa hadi mwisho, kwa sababu hakuna linaloharibu michoro ya wanafunzi kuliko hili. Mwanafunzi anachukua karatasi ya A4, anailaza. Anachora upeo. Anaweka nukta moja ukingo wa kushoto, nyingine ukingo wa kulia, kwa sababu karatasi imeishia hapo. Anachora sanduku katikati, na sanduku linatokea na kona kali iliyochomoza kama inataka kumtoboa mtu. Anafuta, anarudia, kona iko pale pale. Mistari yake yote imenyooka, rula haina kosa. Shida iko wapi?

Kingo mbili za sanduku zinakutana kwa pembe mraba. Kwa hiyo jicho linapoelekezwa kwenye nukta ya kushoto, kisha kwenye ya kulia, lazima ligeuke nyuzi 90 kamili. Mahali pote ambapo jicho linaweza kukaa likaona nukta hizo mbili kwa pembe mraba ni kwenye nusuduara ambayo kipenyo chake ni umbali kati ya nukta. A4 iliyolazwa ina upana wa sentimita 29.7. Nusu yake ni karibu 15. Kwa hiyo mchoro ule ni sahihi kabisa kwa mtu aliyeweka jicho sentimita 15 kutoka kwenye karatasi, au karibu zaidi. Nani anatazama mchoro hivyo? Jicho la wengi huchoka haraka kwa umbali huo. Akiutazama kwa umbali wa kawaida, sanduku linaonekana limepindishwa. Mwanafunzi hakukosea kuvuta mistari. Alisimama karibu mno na sanduku bila kujua kwamba amesimama popote.

Sasa tuanze upande wa pili. Tuseme mchoro utatazamwa kwa sentimita 50. Sanduku limegeuzwa nyuzi 45, pande mbili sawa. Kila nukta iko sentimita 50 kutoka katikati, mita nzima kati yao, na zote mbili ziko nje ya karatasi yako, sentimita 35 hivi zaidi ya ukingo. Likigeuzwa liwe upande mmoja nyuzi 30 na mwingine 60, nukta moja inakaa karibu sentimita 29 kutoka katikati na nyingine karibu 87. Mkiangalia, ile moja ikisogea ndani, ya pili inakimbilia nje. Ukizidisha umbali wao unapata daima umbali wa jicho uliozidishwa kwa wenyewe. Huwezi kuzihamisha upendavyo. Umbali wa jicho ndio unaoamuru.

Basi nukta zenu nyingi zitakaa mezani, nje ya karatasi. Bandikeni karatasi kwenye ubao mpana, chomekeni pini kwenye nukta, fungeni uzi, vuteni uzi badala ya rula. Kama meza ni ndogo, chagueni mstari mmoja uliokwisha kuchorwa vizuri unaokwenda kwenye nukta hiyo, mgawanye nafasi kati yake na upeo kwa sehemu sawa kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi, na kwa idadi ile ile kwenye ukingo wa kulia, kisha muunganishe alama kwa alama. Mistari yote itaelekea kwenye nukta ambayo hamjaiona.

Wapiga picha wanaijua shida hii kwa jina jingine. Lenzi pana inasifika kwa kuvuta nyuso za walio pembeni. Lenzi nzuri ya aina hiyo haijakosea kanuni. Picha ile ingetazamwa kwa karibu inavyotakiwa, nyuso zingekaa sawa. Sisi tunaitazama kwa mbali mno.

Msidhani basi kwamba wakubwa waliitii kanuni kila mara. Leonardo da Vinci alipomaliza kuchora karamu ya mwisho ya Yesu kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa huko Milan, mwaka 1498, mistari ya dari aliielekeza yote kwenye kichwa cha Yesu, na tundu la msumari limeonekana hapo penye paji karibu na jicho. Lakini nukta hiyo iko juu sana kuliko kichwa cha mtu anayesimama sakafuni. Hakuna mtawa aliyewahi kukaa mahali picha inapomtaka akae. Leonardo alijua, akachagua kichwa cha Yesu. Mchoraji Hans Holbein, katika picha ya mabalozi wawili ya mwaka 1533, aliweka mbele yao kitu kirefu kilichopinda ambacho ukisimama mbele hukielewi; sogea pembeni karibu na ukuta, kinakuwa fuvu la kichwa. Picha moja, mahali pawili pa kusimama. Na William Hogarth wa Uingereza alichora mwaka 1754 mchoro wa dhihaka wenye makosa ya makusudi: mwanamke ameinama dirishani na mshumaa, anamwashia kiko msafiri aliyeko kilimani mbali nyuma ya jengo. Utazameni mkiupata. Anayeweza kueleza kila kosa humo ameshafuzu.

Wachoraji wa China waliochora kwenye karatasi ndefu za kukunjuliwa hawakuhitaji nukta. Waliacha mistari sambamba ibaki sambamba, na walikuwa na sababu: picha inayofunuliwa kidogo kidogo kutoka kulia kwenda kushoto haina mahali pamoja pa jicho, mtazamaji anasafiri nayo. Wahandisi hufanya hivyo hadi leo, kwa sababu mchoro usio na kutoweka unapimika kwa rula. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba mchoro usio na nukta ni wa kitoto. Muulizeni kwanza jicho lilikusudiwa likae wapi.

Kazi ya mchana huu ni rahisi na haihitaji kipaji. Mtagawanywa wawili wawili kwenye madirisha. Mmoja ataegemeza kidevu kwenye mgongo wa kiti ili kichwa kisitikisike, atafumba jicho moja, na kwa kalamu ya wino unaofutika atafuatisha juu ya kioo kingo za jengo lililo nje kama anavyoziona. Asikisie lolote. Mwenzake atapima umbali kutoka jichoni hadi kwenye kioo na kuuandika. Mkimaliza, chukueni rula, endelezeni mistari hadi ikutane, hata ikibidi kubandika karatasi ukutani kando ya dirisha ili mfikie nukta. Pimeni nukta hizo ziko mbali kiasi gani kutoka mahali jicho lilipolenga kioo, zidisheni umbali wa kushoto kwa wa kulia, mlinganishe na ule mlioandika uliozidishwa kwa wenyewe. Kisha badilishaneni viti, na yule wa pili asifute mistari ya mwenzake. Achore yake juu yake. Kalamu ziko kwenye sanduku karibu na mlango, na vitambaa vya kufutia viko hapo hapo.